Rivyu: hospisi tuliyopeleka mzee wetu hapa Nakuru

Naandikia mwenye ako na mgonjwa wa kansa nyumbani, haswa nyinyi wa Njoro, Molo na Rongai, na kila ukitajiwa hospisi (pahali wanatuliza maumivu na kuangalia mgonjwa wa ugonjwa mkubwa pamoja na familia yake) unaona kama umeambiwa uende ukanunue sanduku la maiti. Baba mkwe wangu alikuwa na kansa ya prosteti ikaingia mifupa ya mgongo, na hospitali moja ya private ikatuachilia na Panadol na maneno mawili tu, mpelekeni nyumbani mkamwombee. Kuomba tuliomba. Lakini mtu analia usiku kucha, ukimgeuza kwa kitanda anapiga nduru mpaka majirani wanaamka, hayo maumivu yana dawa jamani, na dawa yenyewe tuliipata hospisi.

Kwanza jua huku hakuna wodi ya kulaza watu. Mgonjwa anakuja kliniki mchana anarudi kwake, akishindwa kutoka wanamfuata hadi kwa boma. Na si lazima uwe umekata matibabu mengine, kuna wenye walikuwa wanaendelea na kemo na bado wanakuja kuangaliwa maumivu na kutapika. Mzee mwenyewe walisema mionzi inaweza kutuliza ule uchungu wa mfupa hata kama haiponyi kansa, wakatuandikia barua, akaenda. Hapo mimi ndio nilianza kuwaamini kabisa.

Sasa mofini, ile dawa kali ya maumivu. Hii ndio kitu inaogopesha watu kuliko zote. Ni dawa ya maji, ya kunywa, unapima na sirinji haina sindano. Kila baada ya masaa manne, maumivu yawe yamerudi ama bado, yaani saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu ile dozi ya saa nne usiku ya mzee wakaandika iwe maradufu ndio alale hadi asubuhi bila kuamshwa. Usijipimie hivyo mwenyewe lakini, kila mtu ana dozi yake na ni wao wanaipandisha pole pole. Mama mkwe alikuwa na wasiwasi ati mzee atageuka teja, sista akakaa chini na yeye, akamwambia "mama, huyu anakunywa juu ya maumivu, tukimpimia vizuri hawezi kuwa kama wale unaona mtaani", tena akamwonya mapema kwamba siku za kwanza atasinzia na atafunga choo. Usingizi ulipungua, choo hakikuisha, kwa hivyo ukipewa mofini hakikisha umepewa na ya kulainisha choo, usitoke hapo bila hiyo!

Kupima maumivu wanatumia mkono. Ngumi ni hakuna, vidole vitano ni yale hayavumiliki. Mzee alikuwa mtu wa kunyamaza, ukimuuliza anasema niko sawa tu, lakini vidole hakuwa anadanganya, asubuhi anainua viwili tunajua leo atakaa nje kwa jua.

Kenya mambo ya hospisi yalianza na Nairobi Hospice mwaka wa 1990, na mwanzo wa hospisi za kisasa ni London, St Christopher's, 1967, yake Cicely Saunders, mama alikuwa nesi na social worker kabla awe daktari. Yeye ndiye alifundisha kwamba uchungu wa mgonjwa si wa mwili peke yake, kuna wa roho, wa mawazo, wa familia na pesa. Niliona hiyo kwa vitendo siku ya kwanza, kabla hata wamguse mgongo waliuliza nani anamlisha, nani ameacha kazi kumwangalia, kuna mtoto hamuongei? Alikuwepo. Huyo kijana alipigiwa simu akakuja, wakaongea na babake mlango umefungwa, na mambo ya shamba mzee akayasema kwa mdomo wake mbele ya wote. Hiyo pekee nawapea nyota tano, juu tunajua boma ngapi hukorofishana hata mwili haujatoka mochari.

Kitu kingine walitufundisha na sikuwa nimesikia popote, kansa ikiwa kwa mgongo na ghafla miguu ianze kulegea, kufa ganzi, ama mkojo ukwame, usingoje siku ya kliniki, hiyo ni emajensi, kimbiza hospitali siku hiyo hiyo.

Ugumu uko kwa barabara, kubeba mtu wa mifupa kwa matatu ni mateso, kodi gari kama mnaweza ama muombe waje. Na mofini hupati kila kemisti, kwa hivyo chupa ikifika nusu anza kupanga, usingoje Ijumaa jioni. Baada ya mazishi pia walipigia mama simu kuuliza analala aje, sikuwa nimetarajia.

Ukienda beba ripoti zote, ile ya bayopsi (kipande cha nyama kilichopimwa kama ni kansa) na skani, dawa zote anakunywa hata za kienyeji (hawagombani, wanataka tu kujua), na barua ya daktari kama iko. Na uende na yule mtu hulala na mgonjwa usiku, maswali mengi ataulizwa yeye.