Mita 50 za Costa Rica au mita 20 za Meksiko?

Nchi zote mbili zina pwani ya Karibea, na zote zinasema ufuo ni mali ya umma. Tofauti iko kwenye upana wa ukanda wa umma kando ya bahari, na nani anashika kalamu ya kuamua kinachojengwa nyuma yake.

Costa Rica, kwa Sheria 6043 ya mwaka 1977, hupima mita 200 kutoka alama ya maji kujaa. Mita 50 za kwanza ni za umma. Hoteli haijengwi hapo. Mita 150 zinazofuata hukodishwa na halmashauri kwa miaka 5 hadi 20, lakini lazima kwanza kuwe na mpango wa matumizi ya ardhi. Mikoko yote huhesabiwa kuwa eneo la umma, hata ikipita mita 50.

Meksiko hutenga mita 20 tu. Nyuma yake, ardhi ya mtu binafsi hufuata mpango wa manispaa, na hapo ndipo mianya ilipo: madiwani wakibadilisha matumizi, idadi ya vyumba kwa hekta hupanda. Mji wa hoteli wa Cancún ulijengwa juu ya matuta ya mchanga. Kimbunga Wilma kilipokomba ufuo mwaka 2005, mchanga ulilazimika kupampiwa kutoka baharini, kisha ukaliwa tena na mawimbi. Ngao imara zaidi huko ni kifungu cha 60 TER cha sheria ya wanyamapori, kilichoongezwa mwaka 2007, kinachokataza kazi inayovuruga mtiririko wa maji ya mikoko.

Kwa mchanga, Costa Rica inashinda. Ila upana hausaidii pasipo wakaguzi wa kubomoa kilichojengwa kinyume.