Tahadhari: Nairobi wanauza kadibodi kwa jina la kasha gumu la ukulele

Ndugu zangu mnaopiga ukulele (ile ala ndogo ya nyuzi nne inayofanana na gitaa) hapa Nairobi, na hasa wazazi mnaowanunulia watoto kabla ya likizo: kuna watu mtandaoni wanauza makasha ya uongo, na ala zinavunjika.

Nafundisha watoto ukulele. Muhula huu mmoja wao amerudi darasani na ala iliyokatika kichwa, pale pale kinapoungana na shingo. Mama yake alilipa shilingi 6,500 kwa kile alichoambiwa ni kasha gumu la safari. Walipanda basi la Kisumu, kasha likatupwa kwenye buti chini ya magunia ya watu, na walipofungua nyumbani kwa nyanya yake mtoto akalia. Nimelikagua kasha lenyewe. Ni kadibodi iliyobandikwa sponji ndani na kuvishwa ngozi bandia nyeusi nje. Ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea.

Mbinu yao ni hii. Picha wanazoweka ni za kasha zuri la plaiwudi, tena zimeibwa kwingine. Ukiuliza duka liko wapi unaambiwa liko Barabara ya Luthuli, katikati ya jiji, lakini ukitaka kufika, ghafla "tunauza kwa kukuletea tu". Kisha wanadai pesa zote kwanza, kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, si nambari ya Lipa na M-Pesa ya duka. Jina linalotokea ukilipa halifanani na la ukurasa wao. Mzigo unaletwa na kijana wa bodaboda umezungushiwa utepe wa gundi kuanzia juu hadi chini, naye hana ruhusa ya kukusubiri uufungue. Ukilalamika jioni, hawapokei tena simu yako.

Niseme jambo moja kwa haki. Kasha la sponji ngumu lililovishwa kitambaa si bidhaa mbaya. Ni jepesi, na kwa mtoto anayetembea na ala yake kutoka Buruburu hadi shuleni linatosha kabisa. Ubaya ni kuliuza kwa bei na jina la kasha gumu, maana mnunuzi ataliamini na kulipakia chini ya mizigo. Kasha gumu la kweli ganda lake ni plaiwudi, plastiki nene ya ABS, au faibaglasi.

Kwa hiyo usilipe kabla hujalishika. Weka kiganja katikati ya kifuniko ukandamize kwa nguvu, kikibonyea, rudisha. Tazama bawaba na mpini: viwe vimepigiliwa ribiti au skrubu hadi kwenye ganda, si kugandishwa kwa gundi. Halafu weka ukulele yako ndani, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Shingo inatakiwa ilale juu ya kitegemeo chake, na kichwa kielee bila kugusa sakafu ya kasha wala kifuniko. Kichwa kikiegemea chini, kasha likiangushwa nguvu yote inaishia pale penye unyonge, na hapo ndipo ala ya mwanafunzi wangu ilipokatikia. Funga, inua, tikisa polepole. Ukisikia ala inagonga ndani, kasha hilo si lako.

Muuzaji akikuambia "hili linaingia ukulele yoyote", ondoka. Ukulele zina saizi nne: soprano ina urefu wa karibu sentimita 53, konserti 58, tenori 66, na baritoni hufika 76. Hakuna kasha moja linaloweza kuzishika zote. Soprano iliyowekwa kwenye kasha la tenori itacheza humo ndani njia nzima. Pima ala yako kwa futi ya fundi cherehani, urefu na upana wa kiwiliwili, uende na vipimo hivyo.

Wanaosafiri kwa ndege, msidanganywe kwamba kasha hizi "zimepitishwa kubebwa ndani ya ndege pamoja na abiria". Mashirika mengi huruhusu mzigo wa mkononi wa sentimita 55 au 56 hivi, na soprano peke yake, kabla ya kasha, karibu imefika hapo. Piga simu kwa shirika lako uulize kuhusu ala za muziki kabla ya kununua tiketi, kwa sababu ukikataliwa mlangoni kasha lako litashushwa kule kwenye mizigo mikubwa, na hapo ganda lake ndilo kinga pekee uliyo nayo.

Kama tayari umelipa, usingoje kesho. Sambaza ujumbe wa malipo wa M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe. Zikiwa tayari zimetolewa huwa vigumu. Nambari ya tapeli iripoti Safaricom kupitia 333. Hifadhi mazungumzo, picha walizokutumia na kasha lenyewe, usilitupe kwa hasira. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Mahakama ya Madai Madogo, kwa sheria ya 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Huhitaji wakili kufika pale. Mama wa mwanafunzi wangu ameanza kukusanya karatasi zake, nami nitamsindikiza.

Ukurasa wao hubadilika jina kila mara, ila picha ni ile ile: kasha jeusi lililofunguka juu ya sakafu ya mbao, mahameli nyekundu ndani, vifungo vitatu vya rangi ya dhahabu. Kasha wanaloleta lina vifungo viwili, na mahameli yake ni kitambaa chembamba cha buluu.