Kasha la bledi za ATCA: uzoefu wangu nalo kwenye chumba cha mitambo

Kilichonifanya nilipende kasha hili la bledi, yaani kompyuta za umbo la kadi zinazochomekwa kwenye sloti, ni kuchomoa bledi mchana kweupe, wateja wakiwa hewani, bila mtu kujua. Unafungua mpini wa chini tu, taa ya bluu inaanza kumetameta. Hapo mikono mbali. Kidhibiti cha kasha kinaipa bledi nafasi ya kukabidhi kazi na kuzima, na taa ikishatulia, ikawaka bila kumetameta, ndipo unavuta. Kukabidhi kwenyewe kunategemea programu, si chuma. Yetu ya ujumbe mfupi huhamia kwa pacha wake bila kelele. Kuna nyingine, siitaji, ambayo hata taa ikitulia lazima uipigie magoti.

Kwa wasiolijua: ATCA (Advanced Telecommunications Computing Architecture) ni kiwango cha mwaka 2002 cha PICMG, muungano wa watengenezaji wa kompyuta za viwandani, kilichotengenezwa kwa ajili ya mitambo ya simu. Umeme ni volti -48 za DC kutoka kwenye betri, kwa njia mbili, ili moja ikifa nyingine ibebe. Kasha la inchi 19 lina hadi sloti 14. Usihesabu zote: mbili zinaliwa na swichi, kwa hiyo za kazi ni 12. Nyaya zinaingia kwa nyuma kupitia kadi yake yenyewe, na hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwani bledi ya mbele ikiharibika unaibadilisha bila kugusa waya hata mmoja.

Sasa huo unyumbufu wanaouimba wauzaji. Ni kweli, ila una mipaka. Tuliweka bledi ya mtengenezaji mwingine, ikakaa sawasawa, ikapata umeme, taa ya kijani ikawaka, lakini data haipiti. Kumbe kabla ya kufungua milango ya mawasiliano, kidhibiti hulinganisha aina ya kiungo pande zote mbili; visipolingana hakifungui. Ni ulinzi mzuri, maana kadi haiungui. Lakini muuzaji aliyetuambia "yote ni kiwango kimoja" angetueleza pia kwamba kiwango hicho kina machaguo mengi ndani yake, na bledi mbili zinaweza kukifuata vizuri kabisa zisielewane.

Tatizo lililonichosha zaidi ni joto. Kiwango cha mwanzo kilikadiria wati 200 kwa sloti, na bledi za vizazi vilivyofuata zinataka zaidi ya hapo. Kwenye kasha la zamani, bledi ya namna hiyo inaomba umeme, bajeti ya umeme ya kasha haitoshi, inabaki imekaa tu haiwaki. Ukibanabana hadi ikawaka, feni zinapanda hadi mwisho na humo chumbani mnaongea kwa ishara. Vumbi kwenye chujio la hewa linaongeza balaa, na kila sloti tupu lazima izibwe kwa kifuniko chake, la sivyo hewa inapita njia ya mkato na bledi jirani inapata homa.

Ubao wa nyuma, unaounganisha bledi zote, nao ndio unaoamua kasi. Ukinunua kasha la gigabiti 10, bledi za gigabiti 40 hazitakupa hizo 40, na ubao haubadilishwi kama kadi.

Kwa hiyo kwa ishara za simu, rejista za wateja na kutoza salio, ambako unaruhusiwa kama dakika tano tu za kukatika kwa mwaka mzima, mimi naliacha lilipo. Kwa data za intaneti za wateja, nisingenunua jipya leo. Tangu ETSI, shirika la viwango vya mawasiliano la Ulaya, ianzishe mwaka 2012 kundi la NFV, yaani kuendesha kazi za mtandao kama programu tu, kazi nyingi za namna hiyo zimehamia kwenye seva za kawaida, na vipuri vya seva hizo havikusumbui kuvipata.

Ukikutana na la mtumba la bei nzuri, muulize muuzaji swali moja kabla ya yote: linapoza wati ngapi kwa sloti feni moja ikiwa imekufa? Namba ya kwenye karatasi ya mauzo mara nyingi ni ya feni zote zikiwa nzima.