TAHADHARI: Monita za "4K 144Hz za PS5" zinazouzwa kwa WhatsApp hapa Mombasa

Ndugu zangu wa Mombasa, Kilifi na Kwale mnaotafuta monita moja ya kutumia kwenye kompyuta na kwenye PlayStation, kuna muuzaji anayezungusha tangazo la monita ya inchi 27 kwa shilingi 34,000. Tangazo linasema 4K, 144Hz, HDR, HDMI 2.1, mpya kutoka Dubai. Kwa asiyejua: 4K ni rezolusheni, yaani wingi wa nukta za picha, Hz ni mara ngapi picha hubadilika kwa sekunde, HDR ni picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, na HDMI ni tundu na kebo ya kupitishia picha. Jina simtaji kwa sababu analibadilisha kila mara, na leo akiitwa hivi kesho ataitwa vingine. Mjueni kwa mwenendo. Duka lake "liko mjini", lakini ukitaka kwenda kuona mzigo, yeye yuko bandarini. Anataka nusu ya pesa kwa M-Pesa, tena kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, na jina linalotokea unapotuma si lile alilojitambulisha nalo. Nusu iliyobaki unamkabidhi mwenye boda mlangoni, na huyo boda ameagizwa asingoje ufungue boksi.

Waliopigwa ni watoto wa dada yangu, Kisauni. Msichana anahariri video za harusi, mdogo wake ana PS5. Wakaamua kuchanga wanunue skrini moja nzuri, mchana ya kazi, usiku ya gemu. Wazo lao lilikuwa zuri, na bei haikuwa ya kutupwa kiasi cha kumshtua mtu. Mimi kazi yangu ni kompyuta, ndiyo maana waliniita picha ilipokataa kupanda juu ya 60Hz.

Kabla sijafika walikuwa wameshampigia muuzaji. Jibu la kwanza: kebo yenu mbovu, nunueni ya HDMI 2.1, ninayo, shilingi 3,500. Hapo ndipo penye mtego wa pili, na nawaomba mshike hili: kebo inayokuja ndani ya boksi la PS5 tayari ni ya kiwango cha HDMI 2.1. Ukitumia hiyo hiyo, huhitaji nyingine. Kijana alimwambia hivyo. Jibu likageuka: sasisheni PS5. Ilikuwa imesasishwa. Likageuka tena: basi kompyuta yenu haina kadi ya michoro ya maana. Kila jibu lilimtoa mteja kwenye monita na kumpeleka kwenye kitu chake mwenyewe, ajione yeye ndiye hajui.

Nilichokiona mimi ni hiki. Kwenye mipangilio ya PS5, sehemu ya skrini na video, kuna ukurasa wa taarifa za picha inayotoka. Ulisoma 1920 x 1080, 60Hz. Nikaunganisha laptopu yenye Windows, nikafungua mipangilio ya skrini. Windows huandika neno la mapendekezo kando ya rezolusheni halisi ya monita, na pale liliandikwa kando ya 1920 x 1080. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani zaidi ya skrini, ambako jina la monita hutokea jinsi lilivyohifadhiwa na kiwanda kwenye chipu. Jina lililotokea ni la monita ya ofisini, aina inayowekwa kwenye meza za benki na kaunta za hoteli. Stika ya nyuma iliyosema "Gaming 144Hz" ilikuwa imebandikwa juu ya stika nyingine, na ukipitisha kucha unaisikia pembe ya ile ya chini.

Monita huhifadhi pia wiki na mwaka ilipotengenezwa. Programu ya bure iitwayo HWiNFO inausoma. Hii "mpya kutoka Dubai" ilitengenezwa 2016. Ni mtumba uliofutwa vumbi na kutiwa kwenye boksi lililochapishwa upya.

Sisemi mtumba ni mbaya. Monita za ofisi zilizotumika Ulaya zinatufaa sana kwa kazi, na wapo wauzaji waaminifu mjini wanaokuuzia kwa jina lake na bei yake. Kosa ni kumuuzia mtu 1080p (ile 1920 x 1080) ya 60Hz kwa pesa ya 4K ya 144Hz.

Sasa kuna udanganyifu wa aina nyingine, mwepesi zaidi, na naona ndio unaowakumba wengi kwa sababu hauna stika ya kubandua. Jirani yao aliuziwa monita ya kweli ya gemu, paneli ya kweli, boksi la kweli, imeandikwa 165Hz. Akaambiwa "PS5 utaicheza 165". Hilo haliwezekani kwa monita yoyote duniani. PS5 haitoi zaidi ya 120Hz, na Xbox Series X hali kadhalika. Muuzaji anayekuambia vinginevyo ama hajui anachouza au anajua na anakudanganya.

Na hata hiyo 120 jirani yule hakuipata. Nambari kubwa ya kwenye boksi mara nyingi ni ya tundu la DisplayPort, ambalo kompyuta ya mezani inalo na konsoli haina. PlayStation, Xbox na Nintendo Switch zote hutoka kwa HDMI peke yake. Kwa hiyo monita moja inaweza kuwa 165Hz kwa kompyuta na 60 tu kwa konsoli, na boksi lisiwe limesema uongo wowote. Ukiuliza "hii ni ngapi?" utajibiwa 165. Uliza hivi: kwa HDMI, kwenye rezolusheni yake kamili, inafika ngapi? Kisha ukamtazame muuzaji usoni. Asipojua, afungue kitabu cha maelezo mbele yako, au utafute namba ya modeli kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe, kwenye jedwali la matundu.

Maneno "HDMI 2.1" peke yake pia msiyategemee. Mwishoni mwa 2021 ilidhihirika kwamba wasimamizi wa HDMI walishaikunja 2.0 ndani ya 2.1, na mambo mengi makubwa ya 2.1 yakawa hiari ya kiwanda. Matokeo yake, monita yenye uwezo wa 2.0 tu inaweza kuandikwa 2.1 bila kuvunja kanuni. HDMI 2.0 yenyewe hubeba 4K kwa 60Hz, au 1440p (rezolusheni iliyo kati ya 1080p na 4K) kwa 144Hz. Ya 2.1 iliyokamilika hubeba 4K kwa 120Hz. Kwa mwenye PS5 kuna jambo moja zaidi: ule uwezo wa skrini kufuata mwendo wa gemu picha isikatike, unaoitwa VRR, Sony waliuleta Aprili 2022 na unafanya kazi kwa HDMI 2.1 tu. Monita iliyoandikwa FreeSync, yaani VRR ya kampuni ya AMD, inaweza kuufanya huo kwa kompyuta na kwa Xbox, halafu kwa PS5 usiwepo kabisa.

Ukiniuliza mimi kwa mfuko wa kawaida wa mtu wa hapa, ningechukua inchi 27 ya 1440p yenye DisplayPort moja na HDMI mbili za kiwango cha 2.0, niachane na 4K ya bei rahisi. PS5 ilianza kutoa 1440p Septemba 2022, kabla ya hapo ushauri ungekuwa mwingine. Kompyuta inakaa kwenye DisplayPort, konsoli kwenye HDMI, huchomoi waya kila jioni. Mwenye PS4 ya kawaida asilipie hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya 144Hz, maana PS4 haivuki 60. Pesa hiyo iwe kwa ajili ya kompyuta kama unayo. Zile skrini pana za 21:9 zinapendeza kwa kuhariri video, lakini konsoli itakuachia pande mbili nyeusi. Na muulize kama ina spika. Nyingi hazina, na PS5 haina tundu la sauti la kwenye mwili wake, utabaki na la kwenye padi.

"HDR" iliyoandikwa bila nambari ina maana ndogo sana, nyingine hupokea tu ishara hiyo na kuionyesha kwa mwanga ule ule hafifu. Nalipita hilo.

Kabla pesa haijatoka, monita iwake mbele yako kwa chombo chako. Beba PS5 na kebo yake, beba laptopu. Maduka yenye mlango, kuanzia Barabara ya Digo hadi Moi Avenue, ukiomba kwa adabu hawawezi kukosa soketi. Angalia ule ukurasa wa PS5 niliousema, uone 120Hz imekubaliwa. Kwenye kompyuta fungua testufo.com, kuna jaribio la kuonyesha kama skrini inaruka picha, kwa sababu zipo monita zinazokubali 100Hz kwenye mipangilio kisha zinatupa picha kimyakimya. Lipige picha kwa kamera ya simu kwa shata ya polepole, yaani kamera ikae wazi muda mrefu kidogo: viboksi vikitoka vimefuatana, salama, vikiwa na mapengo katikati, irudishe mezani. Soma pia adapta ya umeme. Volti zilizoandikwa juu yake zilingane na zile za nyuma ya monita, kwa sababu mtumba mwingi hupotezana na adapta yake, na ya volti 19 kwenye monita ya volti 12 inaichoma. Kwetu Pwani ongeza tochi ya simu ndani ya matundu. Hewa ya chumvi inakula chuma, na tundu lenye kutu ya kijani litakusumbua hata kama paneli ni nzima.

Kama ni lazima ununue kwa mbali, mwambie apige video monita ikiwa imewaka, menyu yake imefunguliwa, na kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Yule wetu aliombwa hivyo na mtu mwingine, akasema hana muda wa wateja wasumbufu. Lipa kwa nambari ya Lipa na M-Pesa yenye jina la biashara, usilipe kwa simu ya mtu. Na boda asiruhusiwe kuondoka kabla hamjawasha.

Kwa ambao wameshauziwa: lile neno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" lililochapishwa kwenye risiti lisiwanyamazishe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpa mteja maelezo ya uongo, na kuuza kilichotumika kwa jina la kipya ni uongo huo huo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Dada yangu ameshapiga ripoti kituo cha polisi, na fomu za mahakama tunazijaza.

Msifute mazungumzo ya WhatsApp, hata yale ya kuwatia aibu. Pigeni picha tangazo kabla hajaliondoa, hifadhini ujumbe wa M-Pesa wenye jina la aliyepokea, na hizo stika mbili zikiwa bado zimepandana. Boksi msitupe. Na akijitolea "kuwabadilishia" kwa kuongeza elfu tano, msimpe monita wala pesa, kwa sababu hiyo monita ndiyo ushahidi wenu na yeye analijua hilo.