Tahadhari: habu bandia za magurudumu zinauzwa Lubumbashi kwa bei ya zile za asili

Ndugu zangu wenye magari ya mwendo kasi hapa Lubumbashi, ninaandika nikiwa na hasira na sina nia ya kuificha. Yupo muuzaji wa vipuri katikati ya mji anayeuza habu bandia, yaani vile vitovu vinavyoshika magurudumu ya gari, kwa bei ya zile za asili, na ukirudi kwake kulalamika anakuuzia kipuri cha pili ili kuifunika kasoro ya kile cha kwanza. Jina la duka silitaji hapa, kwa sababu wakili ameniomba nisimpe mtu huyo nafasi ya kunigeuzia kibao kabla mashtaka hayajafika mahali pake. Mnaonifahamu niulizeni pembeni.

Gari mnalijua, ni ile Toyota GT86 nyeupe iliyobeba maharusi wetu. Habu ya nyuma kulia ilikuwa imeanza kuvuma, na mvumo ulipanda kila nilipokata kona ya kushoto, pale uzito wa gari unapolalia magurudumu ya kulia, kisha ukapungua nilipokata kulia. Fundi alisikiliza, akalitingisha gurudumu, akasema beringi, yaani zile gololi zinazolifanya gurudumu lizunguke, imekwisha. Katika gari hili beringi imefungiwa ndani ya habu, haifunguliwi wala haiongezwi grisi, kwa hiyo ikifa unanunua habu nzima.

Sikwenda kununua kwenye meza za kando ya barabara, na hilo naomba lieleweke, kwa maana wapo wanaocheka wakidhani nilikimbilia bei rahisi. Niliingia duka lenye milango ya kioo, lenye kompyuta na rafu zilizopangwa, na muuzaji akaniomba namba ya chasisi kabla hata ya kuniuliza jina. Aliiandika kwenye kompyuta, akanigeuzia kioo nikaiona namba ya kipuri kwa macho yangu, akaenda nyuma na kurudi na boksi lililozungushiwa nailoni, lenye nembo ya kampuni kubwa ya Kijapani na namba ile ile iliyokuwa kwenye kompyuta. Kisha akafuta mikono kwa kitambaa cheupe, akaichana nailoni kwa wembe taratibu, akaitoa ile habu kwa mikono miwili kama mkunga anayempokea mtoto. Aliiweka kando ya ile yangu ya zamani, akalinganisha matundu ya boliti moja baada ya jingine, yote yakakubali.

Hapo ndipo alipofanya lile ambalo mpaka leo likinijia usiku nakosa usingizi. Aliinua habu mpya hadi sikioni kwangu, akaizungusha kwa kidole, akasema: "Sikiliza, papa. Unasikia kitu?" Sikusikia kitu, ilizunguka nzito na kimya. Akaichukua ile ya zamani, akaizungusha, ikakwaruza kama ilivyopaswa kukwaruza. "Umeona Japani, papa?" Nilipotaja dola 150 dhidi ya 190 alizotaka, hakujibu neno, alianza tu kuirudisha ndani ya boksi. Mwambieni mtu yeyote mwenye akili timamu asimame pale mbele ya muuzaji anayekataa kupunguza hata dola moja, halafu aseme kwamba huyo ni mwongo. Matapeli tunaowazoea hupunguza mpaka unashangaa. Nililipa 190, nikapewa risiti yenye muhuri na garanti ya miezi sita iliyoandikwa kwa kalamu.

Fundi aliifunga siku hiyo hiyo. Gari lilipoanza kutembea, taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, ikawaka, na ya kuzuia utelezi ikaifuata. Nilirudi dukani. Muuzaji alisikitika sana, akatikisa kichwa, akasema sensa yangu, kile kifaa kinachopima kasi ya gurudumu, ndiyo iliyochoka na kwamba habu mpya huwa zinaonyesha uchovu wa sensa kuukuu. Akanitolea sensa ya dola 60. Ndiyo, nililipa, kwa sababu maelezo yake yalikuwa ya mtu anayejua kazi, na taa hizo kwa kweli zinaweza kuwashwa na sensa mbovu. Taa hazikuzimika. Habu ikaja kunifia kwenye barabara ya Likasi, na wale mliokuja na kamba kulivuta gari mlishuhudia jinsi rimu ilivyokuwa ya moto, sitayarudia.

Fundi alipoitoa habu ile alifanya jambo dogo ambalo lingeokoa fedha zangu kama lingefanywa mapema. Alikusanya unga wa chuma chini ya mashine yake ya kusagia, akaunyunyiza kidogo juu ya pete ya ndani ya habu ya zamani, upande unaotazama sensa. Unga ulijipanga wenyewe kwa mistari iliyosimama sawasawa kuizunguka pete, kwa kuwa pete hiyo ina sumaku zilizopangwa kwa zamu, na hizo ndizo sensa inazozihesabu ili kujua kasi ya gurudumu. Akanyunyiza juu ya ile "ya Japani". Unga ukateleza na kuanguka mezani. Palikuwa na mpira mweusi mtupu, uliotengenezwa ufanane na pete kwa macho. Tulipoipasua tukakuta grisi kidogo iliyochanganyika na maji, na gololi zilizochubuka kama zimeliwa na panya. Na mtu huyu aliniuzia sensa!

Niliporudi dukani tukaonana ana kwa ana, mbele ya wateja wengine, alisema fundi wangu ameigonga habu kwa nyundo. Habu hii inashikwa kwa boliti, haipigwi presi wala nyundo, na fundi alikaza nati ya ekseli kwa spana yenye kipimo kabla ya kulishusha gari chini, kama inavyotakiwa. Nilipomweleza hayo alicheka, akasema: "Papa, gari la mashindano si la barabara zetu," na wateja wakacheka pamoja naye. Mtu mwenye mvi zangu kuchekwa dukani kwa fedha zake mwenyewe! Garanti aliikunja akaiweka mfukoni mwake, akasema ataniita. Kwa bahati nilikuwa nimeipiga picha.

Mtu kama huyu hastahili kufungiwa duka tu. Sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 kuhusu mali ya viwandani, yaani uvumbuzi na nembo za biashara, ipo, na kanuni ya adhabu inautaja utapeli kama kosa, basi zitumike. Rafu zake zikaguliwe, shehena yake ichomwe hadharani, na fedha zirudi kwa kila aliyemlipa. Wanaokagua bidhaa zinazoingia nchini nao waeleze boksi hizo zilipita wapi. Gololi inayokatika kwenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa si kipuri kibovu, ni jaribio la kuua, na nitalisema hivyo mbele ya hakimu yeyote.

Mnaoniuliza dalili, nikikumbuka sasa: namba ilikuwa kwenye boksi, lakini kwenye chuma chenyewe hapakuwa na maandishi yoyote. Kibandiko cha boksi kilikuwa kimebandikwa juu ya kingine. Alikataa niipeleke kwa fundi kabla ya kulipa. Kule kuizungusha sikioni hakuthibitishi chochote, kwa sababu habu isiyobeba uzito, iliyojazwa grisi nzito, itanyamaza hata ikiwa ya mabati. Beringi zenye majina makubwa, SKF, NSK, NTN, Koyo, Timken na FAG, zote zinaghushiwa, na boksi siku hizi linaigwa vizuri kuliko chuma kilichomo. Kwa zile za SKF ipo programu ya simu ya kampuni yenyewe, SKF Authenticate, ambayo kupitia kwayo unaweza kuomba uhakiki. Wenye rimu pana zilizochomoza nje muwe waangalifu zaidi, maana rimu hizo huongeza mzigo juu ya beringi, na ya bandia haitawavumilia hata kidogo.

Lakini dalili si kazi ya mnunuzi peke yake. Mwizi ndiye anayepaswa kuogopa. Mwenye risiti ya duka hilo aje nayo kwa fundi wetu kabla ya Jumamosi, pamoja na habu yenyewe na boksi lake. Msioshe grisi, msitupe hata nailoni. Lalamiko la mtu mmoja litamalizwa kwa maneno matamu na chupa ya soda, ila tukifika kundi zima kwa mwendesha mashtaka siku ya Jumatatu, kila mtu na chuma chake mkononi, atatafuta pa kuchekea.