Programu ya kuchezea video yenye manukuu: ipi uchukue, ipi uachane nayo

Anayependa tamthilia za Kikorea kwa sauti zake asili, badala ya kungoja dijei azitafsiri, anaijua karaha hii: umeshusha faili la manukuu (yale maandishi ya tafsiri ya chini ya video), umefungua video, na hakuna hata herufi moja inayotokea. Hapo wengine huanza kusaka programu ya kulipia. Pesa hiyo iache mfukoni kwanza, maana mara nyingi mkosaji ni faili lenyewe.

Namba moja kwangu ni VLC. Inatengenezwa na VideoLAN, shirika la Ufaransa lisilo la kibiashara, nayo ni ya bure kwa Windows, Mac na Linux, haina matangazo. Anayekuuzia VLC anakuuzia cha bure. Ishushe kwenye tovuti ya VideoLAN yenyewe. Weka video na manukuu kwenye folda moja, uyape jina moja: Harusi.mp4 na Harusi.srt. Yatajifungua yenyewe. Usipotaka kubadili majina, liburute faili la manukuu ulidondoshe juu ya video inayocheza.

Yasipojifungua, kagua jina la faili: Windows ina tabia ya kuficha herufi za mwisho za jina, hivyo unachokiona kama Harusi.srt kinaweza kuwa Harusi.srt.txt. Ukilifungua kwa Notepad, faili zima la SRT ni maandishi matupu ya namna hii:

1
00:01:20,000 --> 00:01:23,500
Nisubiri hapo nje.

Namba, muda wa kutokea na kutoweka, kisha maneno. Ukikuta vibox na alama za ajabu, hasa kwa manukuu ya Kiarabu, lihifadhi upya kwa usimbaji (namna herufi zinavyohifadhiwa kwenye faili) wa UTF-8, au ubadilishe usimbaji kwenye mipangilio ya manukuu ya VLC. Manukuu mengi ya zamani ya Kiarabu yaliandikwa kwa usimbaji wa Windows-1256.

Maneno yakichelewa, bonyeza G. Yakiwahi, bonyeza H (kwa Windows na Linux). Kila mbonyezo husogeza sehemu 50 za elfu za sekunde, kwa hiyo utabonyeza sana. Lakini kama mwanzoni yako sawa kisha yanazidi kuachana na sauti, G na H hazitakusaidia. Manukuu yalipangwa kwa video ya fremu 25 kwa sekunde na yako ni ya 23.976, au kinyume chake, na kufikia saa moja tofauti inakaribia dakika mbili na nusu. Shusha manukuu ya toleo lako la video, au rekebisha kwa Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu, nayo ni ya bure.

Namba mbili: MPC-HC, kwa Windows tu. Laptopu ya mtumba yenye RAM ndogo, inayokohoa ukifungua chochote, itaipenda hii. F1 na F2 husogeza manukuu nusu sekunde kwa mara moja, jambo ambalo vidole vyangu vinalishukuru.

Tatu ni mpv, kwa wasioogopa kuendesha mambo kwa kibodi. Manukuu ya ASS, yale ya katuni za Kijapani yenye rangi na mitindo, huyaonyesha vizuri sana. Mwenye Mac achukue IINA, iliyojengwa juu ya mpv ikapewa sura ya kibinadamu. QuickTime ya Mac isahau: haifungui faili la SRT lililo kando ya video.

PotPlayer ina mipangilio mingi kupita kiasi, na ni ya Windows tu. Ukiizoea, sawa.

Na za kulipia? Infuse ya vifaa vya Apple ndiyo pekee ningeifikiria, tena kwa mwenye maktaba kubwa ya filamu anayetazama mara kwenye Mac, mara kwenye iPhone, mara sebuleni kwenye Apple TV. Ina sehemu ya bure, ijaribu hiyo kwanza. Mwenye laptopu moja na flashi yenye filamu hana sababu ya kuilipia.