Uzoefu wangu na Mark II ya 2.5: siku gia boksi ya umeme ilipokosa umeme Kitonga

Nina Toyota Mark II ya mwaka 1998, injini 1JZ ya lita 2.5, otomatiki ya gia nne. Huu ni mwaka wa sita niko nalo, na safari zake nyingi ni Dar hadi Iringa kwa wazazi. Wanaoniuliza habari za gari hili huuliza injini, kisha mafuta. (Barabara kuu napata kilomita 10 kwa lita nikitulia, mjini ni shida.) Mimi leo nataka kusimulia gia boksi, maana ndiyo iliyonifikisha nyumbani siku niliyoambiwa imekufa.

Siku hiyo nilisimama Morogoro nikaoshewa gari. Kijana alipiga maji ya mashine ya presha hadi uvunguni, matope yote yakatoka, nikamlipa na kumshukuru. Mikumi nikapita salama. Kabla ya Ruaha Mbuyuni taa ya O/D OFF (huwaka ukiifungia gia ya nne) ikaanza kukonyeza kwenye dashibodi. Gari lilikuwa kwenye 90, linakwenda vizuri, nikapuuza. Mbuyuni nikasimama kununua vitunguu, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Naweka D ya kwenda mbele, nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari linajikokota kama limefungwa trela. Rivasi ilikuwa nzima kabisa.

Fundi niliyempata hapo alichomoa kijiti cha oili, akanusa, akatikisa kichwa. "Bosi, gia boksi imekwisha hii. Tafuta nyingine ya Japani, milioni moja na nusu." Mbele yangu kuna Mlima Kitonga, nyuma yangu kuna mbuga, na jua linashuka. Nikampigia shemeji yangu, fundi umeme wa magari Mbeya.

"Shemeji, hiyo taa imewaka tu au inakonyeza?"

"Inakonyeza."

"Basi usikubali mtu ashushe gia boksi. Weka L, ile ya gia ya chini, ondoka. Ikishika arobaini, weka 2. Ikichanganya ikafika sabini, weka D. Panda Kitonga hivyo hivyo, ukifika juu simama, weka N, acha injini iungurume ipoze oili."

Nikaweka L. Gari likaondoka kwa nguvu zake zote, kama halijawahi kuugua. Kitonga nilipanda nyuma ya malori nikiwa kwenye L, mkono kwenye usukani na jicho kwenye geji ya joto, na halikunisumbua hata kona moja. Juu nikasimama kama nilivyoelekezwa. Kutoka hapo kwenda Iringa nikawa naendesha otomatiki kama gari la gia za mkono: L, 2, D.

Baadaye shemeji alinieleza kwa nini ilikubali, na tangu aliponieleza naiheshimu sana kazi ya waliobuni kitu hiki. Ndani ya gia boksi, gia zote zimeshikana muda wote. Hakuna inayochomolewa wala kuchomekwa. Gia hubadilika kwa klachi na bendi kushika sehemu moja na kuachia nyingine, na kinachozikaza ni presha ya oili. Zamani oili hiyo ilielekezwa na kebo, springi na valvu, bila umeme. Kwenye gari langu anayeamua ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari: inasoma mwendo wa shafti, umekanyaga mafuta kiasi gani, joto la injini, umegusa breki au hujagusa, kisha inapeleka umeme kwenye solenoidi. Solenoidi ni koili ndogo tu. Ikipata umeme hufungua kitundu, oili ikabadili njia. Umeme unaamua, nguvu ni ya oili.

Solenoidi za kubadilisha gia ni mbili tu. Ya kwanza ikipata umeme peke yake, uko gia ya kwanza. Zikipata zote mbili, gia ya pili. Solenoidi ya pili ikibaki peke yake, gia ya tatu. Zote zikikosa umeme, gia ya nne. Koili mbili, gia nne. Sasa fikiria umeme ukikatika kabisa: kwenye D gari linabaki gia ya nne, hata ukiwa umesimama. Ndiyo maana kwenye 90 sikuhisi kitu, na Mbuyuni halikutaka kuondoka. Uwiano wa gia ya kwanza ya boksi hii ni 2.804 na wa ya nne ni 0.705, kwa hiyo nilikuwa naomba gari liondoke na karibu robo ya nguvu ambayo gia ya kwanza ingelipatia.

Lakini kishikio cha gia hakitegemei umeme. Kimeunganishwa kwa vyuma hadi kwenye valvu ndani, na wabunifu walipanga kwamba solenoidi zikifa, ukiweka 2 oili inakwenda gia ya tatu, na ukiweka L inakwenda ya kwanza. Walikaa mahali wakawaza siku ambayo mtu ataishiwa umeme porini. Boksi hii ni A340E ya kampuni ya Aisin, na ndugu yake alifungwa kwenye Jeep Cherokee za zamani. Nazo ukichomoa umeme wa gia boksi zinaendeshwa hivyo hivyo kwa mkono.

Iringa nilipelekwa kwa fundi umeme anayefahamiana na shemeji. Hakuinua hata gari kwanza. Alifungua kiboksi cha majaribio chini ya boneti, akaunganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akawasha switchi bila kuwasha injini, akaniambia nihesabu. Taa ya O/D OFF ikakonyeza mara sita, ikapumzika, mara mbili: namba 62. Ikaja 63. Ikaja 64. Akacheka. "Kaka, 62 ni solenoidi ya kwanza, 63 ya pili, 64 ni ya kufunga toku konveta, kiungo cha injini na gia boksi. Solenoidi tatu hazifi siku moja. Ila zote tatu zinapita soketi moja."

Soketi ilikuwa ubavuni mwa gia boksi, imelegea, ina maji, na pini zake zimeota ukijani. Akaikausha, akasugua pini, akapima kila solenoidi kwa mita: zote zilisoma kati ya om 12 na 14, na nzima hutakiwa kuwa kati ya 11 na 15. Akairudisha mpaka ikalia "ta!", akachomoa fyuzi ya EFI kwa muda kufuta kumbukumbu ya hitilafu, akairudisha. Shilingi elfu arobaini. Nilipojaribu barabarani gia ziliingia moja baada ya nyingine bila kushtuka, nikatamani kumkumbatia.

Mengine kwa miaka hii yote. Kitufe cha PWR huchelewesha kupandisha gia. Nakitumia kupita malori na kwenye milima, siku nyingine hakina haja. Kitufe cha SNOW watu wanakidharau kwa kuwa hatuna theluji, lakini kinaondoa gari kwa gia ya pili, na masika kule Kilolo kimenitoa kwenye utelezi mara nyingi, maana gari hili linasukumwa na tairi za nyuma na gia ya kwanza inazizungusha bure. Asubuhi ya baridi halikubali gia ya nne mpaka injini ipate joto. Siyo ubovu, usihangaike nalo. Ninachokilalamikia kweli ni miinuko midogo: linayumba kati ya tatu na nne, linapanda, linashuka, mpaka unachoka. Hapo bonyeza O/D, litulie kwenye tatu. Na gia nne kwa injini hii ni chache. Ya tano ingeokoa mafuta.

Oili naipima kila mwezi, gari likiwa tambarare, limepata joto, injini ikiwa inaunguruma, kishikio kikiwa P. Ikiwa nyekundu na haina harufu ya kuungua, naendelea. Gari siku hizi naosha uvungu kwa ndoo, na soketi nimeifunga mpira.

Ukienda kununua gari la aina hii, washa switchi na ubonyeze kitufe cha O/D kilicho ubavuni mwa kishikio. Taa ya O/D OFF lazima iwake, ukibonyeza tena izime. Kisha liendeshe nusu saa ukiiangalia isikonyeze. Ukibonyeza kitufe isiwake kabisa, muulize muuzaji balbu iko wapi kabla hujatoa hata shilingi, kwa sababu wapo wanaoitoa.